Kumwongoza Kijana Kuchagua Masomo ya Hiari katika Shahada ya Kompyuta

Mwalimu wa shule ya msingi huulizwa mambo mengi ambayo hakuandaliwa kuyajibu. Mojawapo, ambalo limekuwa likiongezeka katika miaka hii, ni hili: kijana aliyefundishwa naye kusoma na kuandika amepata nafasi katika chuo kikuu, anasomea sayansi ya kompyuta, na arudipo likizo huja kumwamkia mwalimu wake wa zamani akiwa na karatasi mkononi. Karatasi hiyo ina orodha ya masomo kumi na mawili, naye ametakiwa achague matatu. Nyumbani kwao hapana aliyewahi kupita njia hiyo. Wenzake wamemwambia achukue yale yenye maksi rahisi; mjomba wake aliyeko mjini amemwambia achukue lile lenye jina la kisasa. Sasa anauliza, "Mwalimu, nichague lipi?"

Wanachuo wengi watadhani kwamba swali hilo haliwahusu, na kwamba jibu lake ni "Kawaulize wahadhiri wako." Sisi hatukubaliani na dhana hiyo. Kumsaidia mtu achague kwa akili ni kazi ya ualimu, wala haimlazimu mwalimu awe amesomea kompyuta. Yamlazimu ajue mambo machache ya hakika juu ya jinsi shahada hiyo ilivyojengwa, na ajue namna ya kuuliza. Tena baadhi yenu, baada ya kufundisha miaka kadhaa, mtajiendeleza hadi chuo kikuu, na orodha ya namna hiyo mtaikuta mikononi mwenu wenyewe.

Yafaa pia ikumbukwe kwamba kosa katika uchaguzi huu lina gharama. Kijana asomaye kwa mkopo hulipa baadaye kwa kila somo alilolisoma, liwe limemfaa au halikumfaa. Na kama tutakavyoona, somo lililoachwa katika mwaka wa kwanza laweza kufunga mlango wa mwaka wa tatu, bila mtu yeyote kumwambia kijana kwamba mlango umefungwa.

Kwa nini pawe na masomo ya hiari

Shahada ya kwanza ya sayansi ya kompyuta huchukua miaka mitatu au minne, kwa kadiri ya chuo. Elimu yenyewe ni changa. Idara ya kwanza ya sayansi ya kompyuta katika vyuo vikuu vya Marekani ilianzishwa Purdue mwaka 1962, na mwaka 1968 chama cha wataalamu kijulikanacho kwa herufi ACM kilitoa mapendekezo ya mtaala wa shahada hiyo. Tangu hapo mapendekezo hayo yamekuwa yakitazamwa upya kila baada ya miaka kadhaa. Yale ya mwaka 2013, ambayo ACM iliyatoa pamoja na jumuiya ya kompyuta ya chama cha wahandisi IEEE, yaliigawa elimu yote katika maeneo 18. Kisha yakataja saa 165 za mihadhara kwa mambo ambayo kila mwanafunzi hana budi kuyasoma yote, na saa 143 nyingine kwa mambo ambayo yampasa kuyasoma karibu yote. Jumla ni saa 308.

Mtu akizitazama saa hizo ataona mara moja kwamba hazijazi miaka mitatu ya masomo. Waandishi wa mtaala hawakusahau kitu. Waliacha nafasi kwa makusudi, kwa kuwa hakuna mwanafunzi awezaye kuyasoma maeneo 18 kwa kina, wala si kila chuo kina wahadhiri wa kuyafundisha yote. Nafasi hiyo ndiyo hujazwa na masomo ya hiari. Mapendekezo ya mwaka 2023 yaliyapanga upya maeneo yakawa 17, lakini wazo la kuwa na kiini ambacho wote hukisoma, na sehemu ambayo kila mmoja hujichagulia, limebaki.

Katika kiini hicho, aghalabu utakuta kuandika programu. Miundo ya data, yaani namna za kupanga habari ndani ya kompyuta ili zipatikane upesi. Hisabati tenganifu, ambayo hushughulika na vitu vihesabikavyo kimoja kimoja. Ujenzi wa kompyuta yenyewe. Mifumo ya uendeshaji. Hifadhidata na mitandao. Katika sehemu ya hiari utakuta akili bandia, ambayo wengine huiita akili mnemba, michoro ya kompyuta, maandishi ya siri, kompaila, uchambuzi wa lugha za wanadamu, na mengineyo. Mpaka kati ya sehemu hizo mbili si mmoja kwa vyuo vyote. Somo ambalo chuo kimoja hulifanya la lazima, chuo kingine hulifanya la hiari. Ndiyo maana ushauri wa rafiki asomaye chuo kingine haufai kupokelewa kabla ya kulinganisha miongozo ya vyuo vyote viwili.

Somo hudai somo

Jambo la kwanza ambalo kijana hana budi kulifahamu ni kwamba masomo yaliyomo katika orodha yake hayakusimama peke yake. Kila moja lina masomo yaliyolitangulia, nalo huenda likawa tangulizi kwa mengine. Sisi walimu twalijua jambo hili kuliko watu wengi. Hatumfundishi mtoto kugawanya kabla hajajua kuzidisha. Lakini orodha ya chuo kikuu huandikwa kwa majina tu, na majina huficha mnyororo huo.

Tuchukue somo ambalo vijana wengi hulikimbilia siku hizi, nalo ni kujifunza kwa mashine. Katika somo hili kompyuta haipewi kanuni. Hupewa mifano mingi, nayo hutafuta kanuni yenyewe. Mfano ulio karibu nasi ni programu ya Nuru, ambayo mradi wa PlantVillage wa Chuo Kikuu cha Penn State uliitengeneza pamoja na taasisi ya utafiti wa kilimo IITA. Mkulima huelekeza kamera ya simu kwenye jani la muhogo, na programu humwambia kama jani hilo lina dalili za ugonjwa. Yapendeza, na kijana aionaye hutaka mara moja kujifunza namna ya kuitengeneza.

Sasa tutazame ndani yake. Picha ya jani, kwa kompyuta, si jani. Ni jedwali kubwa la namba, kila namba ikieleza mwanga wa nukta moja. Kuyashughulikia majedwali ya namna hiyo ni kazi ya aljebra ya mstari, mahali pa vekta na matriki. Jibu litolewalo si ndiyo au hapana kamili, bali ni kadirio la kwamba pengine jani hili ni gonjwa. Hapo pahitaji nadharia ya uwezekano na takwimu. Na programu inapokosea, hurekebishwa kidogo kidogo kuelekea upande upunguzao kosa. Kuujua upande huo ni kazi ya kalkulasi. Njia maarufu ya kufanya marekebisho hayo katika mitandao ya neva ilielezwa na Rumelhart, Hinton na Williams mwaka 1986, nayo kwa asili yake ni kanuni ya kalkulasi inayofundishwa mwaka wa kwanza, ikirudiwa mara nyingi sana.

Kijana aliyeyakwepa masomo hayo matatu ya hisabati kwa kuogopa maksi, akafika mwaka wa tatu na kujiandikisha katika kujifunza kwa mashine, hatafukuzwa darasani. Ataweza hata kufaulu. Lakini atakuwa akinakili programu za wengine na kubadili majina ya mafaili, na siku programu hiyo itakapotoa majibu ya ajabu hatajua pa kuanzia. Kwetu sisi huyo hakulisoma somo hilo. Alikaa tu chumbani lilipokuwa likifundishwa.

Kadi na mishale

Hapa tungependa kueleza zoezi ambalo mwalimu aweza kulifanya pamoja na kijana huyo juu ya meza kwa nusu saa, na ambalo, likipunguzwa kidogo, aweza kulifanya na watoto wa darasa la tano kwa kipindi kimoja.

Andika kila somo juu ya kipande cha karatasi ngumu. Tutatumia masomo kumi: Kuandika Programu, Hisabati Tenganifu, Kalkulasi, Aljebra ya Mstari, Uwezekano na Takwimu, Miundo ya Data, Algoriti, Nadharia ya Ukokotozi, Kompaila, na Kujifunza kwa Mashine. Zipange kadi mezani au sakafuni. Kisha chora mshale kwa chaki kutoka kila somo tangulizi hadi somo linalolidai. Kalkulasi hutoa mshale kwenda Uwezekano. Kuandika Programu hutoa mshale kwenda Miundo ya Data. Hisabati Tenganifu hutoa miwili, mmoja kwenda Algoriti na mmoja kwenda Nadharia ya Ukokotozi. Miundo ya Data hutoa mitatu: kwenda Algoriti, Kompaila na Kujifunza kwa Mashine. Nadharia ya Ukokotozi hutoa mmoja kwenda Kompaila. Aljebra na Uwezekano kila moja hutoa mmoja kwenda Kujifunza kwa Mashine. Mishale yote ni kumi. Vyuo hutofautiana kidogo katika mishale hii, kwa hiyo kijana aisome katika mwongozo wa chuo chake, wala asiinakili kutoka hapa.

Sasa mwambie kijana aziondoe kadi zote zisizoingiwa na mshale wowote, pamoja na mishale itokayo kwazo. Ataziondoa nne: Kuandika Programu, Hisabati Tenganifu, Kalkulasi na Aljebra. Hizo ndizo ziwezazo kusomwa mwanzoni. Baada ya kuondolewa, kadi nyingine tatu zimebaki huru: Uwezekano, Miundo ya Data na Nadharia ya Ukokotozi. Aziondoe nazo, na tatu za mwisho zitakuwa huru. Kwa hiyo masomo kumi yahitaji mihula isiyopungua mitatu, hata kama mwanafunzi angekuwa na nguvu za kuyasoma yote kwa pamoja. Mpangilio huu si ubunifu wetu. Ni njia iliyoelezwa na Arthur Kahn mwaka 1962 kwa ajili ya kupanga kazi zinazotegemeana katika miradi mikubwa, na mwanafunzi wa kompyuta ataikuta tena katika somo la Algoriti. Hivyo akichagua masomo yake kwa njia hii, amekwisha onja mojawapo ya masomo yenyewe.

Faida kubwa ya zoezi hili huonekana mtu akianza upande wa pili. Mwambie kijana ashike kadi ya somo alitamanilo kwa mwaka wa mwisho, kisha aifuate mishale kwa kurudi nyuma. Tuseme anataka Kujifunza kwa Mashine. Nyuma yake yupo Uwezekano, na nyuma ya Uwezekano ipo Kalkulasi. Tuseme tena kwamba shahada yake ni ya miaka mitatu, yaani mihula sita, na kwamba Kalkulasi hufundishwa mara moja tu kwa mwaka, katika muhula wa kwanza wa kila mwaka. Akiisoma muhula wa 1 ana nafasi tele. Akiiahirisha hadi muhula wa 3, atasoma Uwezekano muhula wa 4 na kulifikia somo lake muhula wa 5. Bado yumo. Lakini akiiahirisha tena, ataisoma muhula wa 5, Uwezekano muhula wa 6, na Kujifunza kwa Mashine muhula wa 7, ambao haupo. Vijana wengi hawapigi hesabu hiyo, kwa sababu siku waikwepapo Kalkulasi huwa wanafikiri juu ya Kalkulasi tu.

Kwa watoto wa darasa la tano, weka kazi za kupika uji mahali pa masomo: kuteka maji, kuwasha moto, kuchekecha unga, kuchemsha maji, kuvuruga unga katika maji baridi, kumimina mchanganyiko sufuriani, kutia sukari, kugawa vikombeni. Waache wabishane. Watagundua kwamba mpangilio sahihi si mmoja. Mtu aweza kuchekecha unga kabla ya kuwasha moto au baada yake, lakini hawezi kumimina kabla ya kuchemsha. Kisha waongezee mshale mmoja wa hila, mathalani kutoka kugawa vikombeni kurudi kuteka maji, uone kama watatambua kwamba sasa hapana kadi iwezayo kuondolewa ambayo itaufikisha uji mezani. Wale waliokwisha tafuta kazi mjini wataijua duara hiyo: kazi yadai uzoefu, na uzoefu wadai kazi.

Maarifa yadumuyo na zana zipitazo

Baada ya kujua masomo yapi yanafikika, kijana bado ana swali la yapi yanafaa. Hapa tunao msimamo, nao ni huu: muda wa mhadhiri ni mali ya thamani kuliko vitu vyote katika chuo, na yafaa utumiwe kwa yale ambayo mtu hawezi kujifunza vizuri akiwa peke yake.

Zana za kompyuta huja na kupita. Zamani wako vijana waliotumia muhula mzima kujifunza kutengeneza michoro iendayo kwa Flash. Kampuni ya Adobe iliacha kuihudumia Flash tarehe 31 Desemba 2020, na ujuzi huo ukawa hauna pa kutumika. Kwa upande mwingine, njia ya kupanga hifadhidata kwa majedwali yanayohusiana ilielezwa na Codd mwaka 1970, na hata leo mabenki na mashule yanaitumia. Njia ya Dijkstra ya kutafuta njia fupi kati ya mahali na mahali ni ya mwaka 1959. Hoja za Turing juu ya nini kiwezacho na nini kisichoweza kukokotolewa ni za mwaka 1936, kabla ya kompyuta za kielektroni kuwapo. Mwanafunzi aliyezifahamu hoja hizo aweza kujifunza zana yoyote mpya kwa majuma machache, tena kwa kusoma maelezo yake mwenyewe. Aliyejifunza zana tu hana budi kuanza upya kila mara.

Kijana aweza kusema, "Lakini mwalimu, waajiri wanauliza zana." Ni kweli, wanauliza. Kwa hiyo ajifunze zana, ila ajifunze wakati wa likizo na jioni. Somo lake la hiari alichukue katika hifadhidata za juu, mahali atakapofunzwa, mathalani, kwa nini kutuma fedha kwa simu ni jambo gumu. Huduma ya M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, watumiaji waliona ujumbe mfupi tu. Ndani yake kuna sharti kali: fedha zitoke kwa mtumaji na ziingie kwa mpokeaji, yote mawili, au pasitendeke hata moja, hata kama umeme utakatika katikati. Zitoke bila kuingia, mtu ameibiwa. Ziingie bila kutoka, fedha zimezaliwa kutoka hewani. Kulihakikisha sharti hilo kwa maelfu ya watu watumao kwa wakati mmoja ni elimu yenye nadharia yake, na ni vigumu mtu kuiokota barazani.

Tangu programu ya ChatGPT ilipotolewa Novemba 2022, vijana wamekuwa wakiuliza pia kama kuna haja ya kujifunza kuandika programu ilhali mashine inaandika. Jibu letu ni fupi. Mashine hiyo huandika upesi, na mara nyingine hukosea kwa lugha ya kujiamini. Atakayefaa ni mtu awezaye kusema ni wapi imekosea. Hilo laongeza thamani ya masomo kama algoriti, upimaji wa programu na usalama.

Neno moja juu ya wasichana, maana katika jambo hili ushauri wao huharibiwa mapema. Aghalabu huelekezwa kwenye masomo yaitwayo mepesi, na kompaila huhesabiwa kuwa ni somo la wanaume. Kompaila ni programu igeuzayo maandishi ya mwanadamu kuwa amri za mashine. Miongoni mwa wa kwanza kabisa kuitengeneza ni mwanamke, Grace Hopper, ambaye mfumo wake ulioitwa A-0 ulikuwa ukifanya kazi mwaka 1952.

Mfano kutoka lugha yetu

Liko somo moja la hiari ambalo mwalimu wa Kiswahili aweza kulisemea kwa uhodari kuliko hata wahandisi, nalo ni uchambuzi wa lugha kwa kompyuta. Tutalieleza kwa urefu kidogo.

Lichukueni neno "hatutawapigia". Mtoto wa darasa la tatu aliyezaliwa Morogoro hulielewa bila taabu. Kwa kompyuta iliyofundishwa kwa mazoea ya Kiingereza, hilo ni neno moja tu, na kama halimo katika kamusi yake basi halipo. Sisi twajua kwamba ni sentensi nzima: ha- ya kukanusha, -tu- ya nafsi ya kwanza wingi, -ta- ya wakati ujao, -wa- ya watendewa, mzizi -pig-, -i- ya kauli ya kutendea, na kiishio -a. Vipande saba. Mzizi huo huo waweza kutoa maneno mengi mno kwa kubadili vipande hivyo, na hapana kamusi iwezayo kuyaorodhesha yote. Kompyuta hapana budi ifunzwe kulipasua neno, kama sisi tuwafunzavyo watoto.

Tatizo hili lilishughulikiwa mapema, na mahali ambapo wengi hawapatarajii. Mwaka 1983 Kimmo Koskenniemi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, alieleza namna ya kuchambua maumbo ya maneno kwa kutumia mashine sahili za hali-komo. Kifini nacho hubandika vipande vingi katika neno moja, kwa hiyo haja yao ilifanana na yetu. Katika chuo hicho hicho Arvi Hurskainen aliitumia njia hiyo kwa Kiswahili, akatengeneza kichambuzi kiitwacho SWATWOL. Sasa mashine hizo za hali-komo hufundishwa wapi? Hufundishwa katika Nadharia ya Ukokotozi, somo ambalo katika orodha ya kijana wetu lina jina lisilovutia kabisa, na ambalo wengi hulipita bila kulitazama mara mbili.

Kijana apendaye lugha, basi, aweza kuunganisha masomo mawili yasiyodhaniwa kuwa ni jamaa: Nadharia ya Ukokotozi katika idara yake mwenyewe, na sarufi ya Kiswahili au isimu katika idara ya lugha. Vyuo vingi huruhusu idadi fulani ya masomo ya hiari kutoka nje ya idara. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mfano, kina Taasisi ya Taaluma za Kiswahili. Twasema haya kwa sababu twaona hasara iliyopo. Programu nyingi za kusahihisha tahajia na kutafsiri Kiswahili hutengenezwa mbali, na watu wasiojua kwamba "kijana" ni wa ngeli ya viumbe hai ijapokuwa huanza kwa ki-. Mwanafunzi aliyefundishwa upatanisho wa kisarufi vizuri katika shule ya msingi ana akiba ambayo mwanafunzi mwenzake wa London hana.

Namna ya kuuliza, na mambo ya kuangalia

Mwalimu asimwulize kijana, "Unataka kuwa nani?" Swali hilo huleta majibu ya kukariri. Amwulize ni zoezi lipi katika mwaka uliopita alilolifanya zaidi ya alivyotakiwa, na ni lipi lililomchosha hata alipolipata sawa. Amwombe aeleze somo mojawapo la orodha yake kwa maneno ambayo mama yake atayaelewa. Akishindwa, si dalili kwamba somo halimfai. Ni dalili kwamba bado hajasoma muhtasari wake, na arudi akausome. Muhtasari, si jina. Masomo mawili yenye jina "Usalama wa Kompyuta" yaweza kuwa moja la hisabati ya maandishi ya siri na jingine la sera na sheria.

Kuhusu maksi, hatuwezi kuzipuuza, maana nafasi ya kuendelea na shahada ya pili huzitegemea. Somo moja jepesi katika muhula mzito si dhambi. Tunalolikataa ni shahada nzima iliyojengwa kwa masomo mepesi. Vile vile kijana asipange katika muhula mmoja masomo matatu yenye kazi kubwa za vitendo. Mifumo ya uendeshaji, kompaila na mradi wa mwisho, kila kimoja hula majuma mengi ya usiku, na kompyuta za maabara hazitoshi watu wote siku za mwisho. Awaulize waliosoma mwaka uliotangulia, lakini awaulize swali lenye maana: si "Lilikuwa gumu?" bali "Mlipewa kazi ngapi za kuandika, na zilichukua siku ngapi?"

Mwisho, somo kuwamo katika orodha si ahadi kwamba litafundishwa. Masomo ya hiari huahirishwa wanaojiandikisha wakiwa wachache mno, au mhadhiri wake akiwa masomoni. Vyuo huweka majuma machache tu mwanzoni mwa muhula kwa ajili ya kubadili, na baada ya hapo mlango hufungwa. Kwa hiyo kijana aandike chaguo la pili kwa kila somo, chaguo ambalo masomo tangulizi yake amekwisha yasoma, na aende ofisi ya idara juma la kwanza, si la tatu, kuuliza kama somo lake lina mhadhiri na lina ratiba.